Filamu Isiyo na Tukio: Marafiki wa Barazani na Mpenzi Aliyekwenda Zake

Ipo aina ya filamu ambayo mtu aliyezoea mapigano na visasi huimaliza akiuliza kilichotokea ni kipi. Vijana watatu, wanne au watano wasio na shughuli ya kueleweka wanakaa mahali pao pa siku zote, wanabishana juu ya mambo yasiyo na uzito, wanakwenda dukani na kurudi, wanataniana, na mmoja wao, ambaye mara nyingi ndiye mhusika mkuu, ameachwa na mpenzi wake na bado hajakubali kwamba ameachwa. Saa moja na nusu inapita hivyo. Mwisho hakuna aliyeuawa wala aliyetajirika, na pengine hakuna hata aliyepata kazi. Hata hivyo filamu za namna hii zimekuwa na wapenzi wake kwa zaidi ya miaka 70, na wapo watu wanaozirudia kila mwaka ilhali zile zenye matukio tele wamezitazama mara moja tu na kuzisahau.

Ninataka kueleza jinsi zinavyofanya kazi, kwa sababu naamini zinadharauliwa bure, na kwa sababu sisi wa mwambao wa kaskazini, wa Lamu na Malindi, tuna njia ya karibu zaidi ya kuzielewa. Dai langu ni moja: mapenzi yaliyopotea ndiyo yanayotia wakati ndani ya kukaa bure. Vijana waliokaa tu, bila ya mtu aliyewaondokea, wanaweza kukaa hata milele, na mtazamaji hana sababu ya kungoja dakika inayofuata. Akishaondoka mtu, kila siku inayopita inakuwa siku ya kumngojea, au ya kumsahau, au ya kujidanganya kwamba ameshasahauliwa, na hapo mtazamaji anaanza kuhesabu. Kundi la marafiki, kwa upande wake, ndilo linalomfariji aliyeachwa na papo hapo ndilo linalomzuia asiondoke hapo alipokwama. Filamu nzuri za aina hii zinalijua jambo hilo, na zile dhaifu hazilijui.

Tuanze na ukaaji wenyewe. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba za mawe zina baraza, yaani viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, huku na huku ya mlango, na hapo ndipo wanaume hukaa alasiri inapopoa na tena baada ya sala ya isha. Ukaaji huo una taratibu zake. Habari ya mtu haitajwi waziwazi mbele yake, hufumbwa. Anayeelemewa katika ubishi huokolewa kwa mzaha kabla hajaaibika, na kijana hahesabiwi kuwa anajua kukaa na watu mpaka ajue wakati wa kunyamaza. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, utawaona wazee wawili wakicheza bao na watu wamewazunguka wakitoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba, na mwenyeji hujua kwamba nusu ya maneno yanayosemwa hapo hayahusu bao hata kidogo.

Elimu hiyo ndiyo inayodaiwa na filamu hizi. Mazungumzo ndani yake yanabeba mzigo ambao katika filamu nyingine hubebwa na matendo, na mara nyingi linalozungumzwa silo linalokusudiwa. Vijana wawili wanapobishana kwa dakika tano juu ya chakula au juu ya mashujaa wa vitabu vya katuni, mtazamaji hana budi kusikiliza nani anamkwepa nani, na ni jina gani ambalo halitajwi. Ndiyo maana hazikubali kusimuliwa kwa namna ambayo DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, ameizoesha Kenya nzima. Katika filamu ya mapigano msimulizi anaweza kuyafunika maneno ya waigizaji na hadithi isipotee, kwa kuwa jicho linaiona. Katika filamu ya vijana waliokaa, ukifunika maneno hakubaki cha kutazama isipokuwa watu waliokaa.

Mfano uliokithiri kabisa ni "Slacker" ya Richard Linklater, iliyopigwa katika mji wa Austin, Texas, mwaka 1989 kwa gharama ya takriban dola 23,000, na kusambazwa kwa upana mwaka 1991. Haina mhusika mkuu. Kamera humfuata mtu kwa dakika chache, akikutana na mwingine inamwacha na kumfuata huyo, na hivyo siku nzima ya mji inapita kutoka mkono hadi mkono. Mtu angedhani humo hamna nafasi ya mapenzi yaliyopotea. Lakini mtu wa kwanza tunayemwona, anayechezwa na Linklater mwenyewe, ameshuka basi na kupanda teksi, na njia nzima anamweleza dereva asiyemjibu kwamba kila njia tusiyoifuata huendelea kuishi mahali pengine, na kwamba kama angebaki kituoni huenda angetokea mwanamke mzuri na kumpakia katika gari lake. Amekwisha kumpoteza mpenzi ambaye hajapata kumwona. Baadaye katika filamu hiyohiyo kijana aliyeachwa anakwenda darajani na rafiki zake, anatupa mtoni hema na taipureta kama anayejitakasa, na mmoja wa rafiki hao anamsomea kwa utulivu ukurasa wa riwaya ya James Joyce, "Ulysses", unaoeleza kwamba kila mwanamume hujiona wa kwanza na wa pekee kwa mwanamke, kumbe yumo katika msururu usio na mwanzo wala mwisho.

Tukio hilo la darajani nalipenda kuliko yote katika filamu ile, kwa sababu linaonyesha kwa muda mfupi kile ambacho filamu nyingine za aina hii hukichukulia saa nzima. Huzuni ya mtu mmoja imegeuzwa kuwa shughuli ya kundi. Rafiki hasemi pole, hamkumbatii mwenziwe, wala hamwambii kwamba mambo yatakuwa mazuri. Anayo maneno ya kuazima na anayasoma. Sisi tuliokulia kwenye tungo tunalifahamu hilo vizuri, maana mwanamume wa pwani aliyeachwa hakutazamiwa alie mbele za watu, lakini aliruhusiwa kutunga, au kumwomba mwimbaji amwimbie, na kwenye wimbo wa taarab aliweza kusema usiku mmoja mbele ya mji mzima yale ambayo asingeyasema kwa ndugu yake wa tumbo moja. Vijana wa filamu hizi hawana taarab. Wana mizaha na ubishi juu ya katuni, na kazi inayofanywa na mizaha hiyo ni ileile.

Kevin Smith alitoa "Clerks" mwaka 1994 kwa dola 27,575, ambazo sehemu yake kubwa alizitoa katika kadi za mkopo. Alipiga filamu katika duka lilelile alilokuwa akifanya kazi, huko Leonardo, New Jersey, tena usiku tu, kwa kuwa mchana duka lilikuwa na wateja. Hadithi inatokea mchana. Ikawa lazima kueleza kwa nini hakuna mwanga unaoingia dukani, na katika mswada ikasemwa kwamba mtu ametia chingamu ndani ya kufuli za milango ya chuma, kwa hiyo haifunguki, na muuzaji ameandika kwa rangi ya viatu kwenye shuka kubwa kuwahakikishia wateja kwamba duka liko wazi. Ufukara wa bajeti umeleta picha ambayo fedha zisingeinunua: mtu amefungiwa mchana kutwa gizani, mlangoni pameandikwa kwamba pako wazi, na watu wanaingia na kutoka huku yeye habanduki.

Mtu huyo ni Dante. Ameitwa kazini siku yake ya mapumziko na hachoki kulilalamikia jambo hilo. Anaye mpenzi, Veronica, anayemletea chakula dukani na kumsihi arudi kusoma, lakini moyo wake uko kwa Caitlin, wa enzi za shule, ambaye habari za uchumba wake amezisoma gazetini siku hiyo. Rafiki yake Randal, wa duka la kanda za video la jirani, ndiye mwenye mdomo usio na breki. Kwa muda mrefu tunadhani kwamba Randal yumo kwa ajili ya kuchekesha. Kisha anamweleza Veronica yote ambayo Dante ameyaficha, Dante anawapoteza wanawake wote wawili katika siku moja, marafiki wanapigana ndani ya duka hadi bidhaa zinatapakaa sakafuni, na baada ya hapo Randal anamwambia mwenziwe maneno ambayo filamu nzima ilikuwa ikiyazunguka: kwamba hakuna aliyemlazimisha kuja kazini, na kwamba anapenda kuonewa kwa sababu kuonewa kunampa heshima ambayo hajaifanyia kazi.

Hapo ndipo penye fundo la aina hii. Mapenzi ya Dante kwa Caitlin yanamsaidia asiulizwe anafanya nini na maisha yake. Kila mtu akimuuliza kwa nini yuko dukani hapo, yeye ana jibu la ndani: mimi ni mtu aliyepoteza kitu kikubwa. Aliyeachwa ana daraja barazani. Anasubiriwa, anasamehewa, hanyimwi kahawa. Rafiki anayetaka kumwamsha hana budi kuvunja daraja hiyo, na gharama yake ni ugomvi. Filamu nyingi za kuchekesha huweka ugomvi wa marafiki karibu na mwisho kwa mazoea tu, lakini hapa ugomvi huo una sababu.

Mwaka uliofuata Smith alipewa fedha za studio, takriban dola milioni 6, akatengeneza "Mallrats". Vijana wawili, T.S. na Brodie, wameachwa na wapenzi wao siku moja, wakaenda kushinda katika duka kubwa lenye maduka mengi ndani yake, mahali ambapo hawana la kununua. Kwenye kumbi za sinema haikurudisha hata nusu ya fedha zake, na ni kwenye kanda za video ndiko ilikopata watu wake. Kwangu mimi ni filamu yenye uchangamfu lakini yenye kasoro ya msingi, kwa sababu imewarudishia vijana wapenzi wao jukwaani, mbele ya hadhira, kama zawadi ya mashindano. Mapenzi yakirudishwa kama zawadi, basi kukaa kote kule kulikuwa kusubiri tu, na hatujifunzi lolote juu ya waliokaa. Lakini imo sehemu moja yenye werevu wa barazani kabisa. Stan Lee, yule mwandishi maarufu wa vitabu vya katuni, anakutana na Brodie na kumsimulia juu ya msichana aliyempoteza ujanani na jinsi sifa zote alizozipata baadaye zisivyojaza pengo hilo. Brodie, anayemheshimu kuliko mtu yeyote, anaguswa. Baadaye tunaelewa kwamba T.S. ndiye aliyemwomba Stan Lee aseme vile. Rafiki alijua kwamba maneno hayo yakitoka kinywani mwake yatapuuzwa, akayapitisha kwa mtu mzima mwenye heshima. Ni nani katika mitaa yetu ambaye hajapata kupelekewa nasaha kwa njia hiyo, kupitia mjomba au mwalimu wa chuo, na akaja kugundua baadaye ilikotoka?

"Swingers" ya mwaka 1996, iliyoandikwa na Jon Favreau na kuongozwa na Doug Liman, inalifanya sahihi lile ambalo "Mallrats" ililikosea. Mike ni mchekeshaji aliyehamia Los Angeles kutoka New York, ameachana na Michelle waliyekuwa pamoja miaka 6, na rafiki zake wanamtoa usiku baada ya usiku ili achangamke. Mwanzoni kabisa rafiki mmoja anamweleza kanuni: aliyekuacha hurudi, lakini harudi mpaka uwe umemsahau kwelikweli. Mtazamaji anaicheka kanuni hiyo kisha anaisahau, na filamu inaifanyia kazi kimyakimya.

Kuna tukio moja ndani yake ambalo ni zito kulitazama. Mike amepata namba ya msichana aitwaye Nikki, na rafiki zake wameshamwambia angoje siku kadhaa kabla ya kupiga. Anapiga usiku uleule, saa nane na kitu. Inajibu mashine ya kupokea ujumbe, nayo inamkatiza kabla hajamaliza kutaja namba yake. Anapiga tena ili amalizie. Inamkatiza. Anapiga tena kueleza kwa nini amepiga mara mbili, na maelezo hayo yanamfikisha kwa Michelle na miaka waliyokaa pamoja. Anaendelea kupiga, mpaka kwenye mashine hiyo uhusiano mzima umeanza, umeharibika na umevunjwa, bila ya Nikki kusema neno. Mwishowe Nikki anainua simu na kumwambia asipige tena kamwe. Tunacheka, lakini tunacheka huku tumefunika uso, kwa sababu tumemwona mtu akifanya mbele ya mashine yale ambayo hakuweza kuyafanya mbele ya rafiki zake. Mbele ya rafiki ilimbidi awe mchangamfu. Hapo ndipo tunapoona mipaka ya kundi: linaweza kumtoa mtu nyumbani, lakini haliwezi kumsikiliza, kwa sababu sheria yake ni mzaha, na aliyeishiwa na mzaha hana lugha nyingine. Na mwisho Michelle anapiga kweli, siku ambayo Mike ameanza kuzoeana na Lorraine, na simu ya Lorraine ikaingia katikati ya mazungumzo. Mike anamwacha Michelle ili azungumze na Lorraine. Kanuni imetimia na mapenzi hayakurudi, ila yeye ametoka alipokuwa amekwama.

Filamu hizi zote nne ni za Marekani, za muda usiozidi miaka kumi, na zinafanana katika jambo ambalo msomaji wa Malindi atakuwa amelishuku tangu mwanzo: vijana wake wamechagua kukaa. Katika "Slacker" yumo kijana anayesema kwa fahari kwamba huenda anaishi vibaya lakini angalau halazimiki kufanya kazi ili aishi hivyo vibaya. Kijana wa Malindi ambaye hoteli imemsimamisha hadi msimu urudi hawezi kusema maneno hayo. Masika ikiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni hupungua, hoteli nyingi hufunga au hubaki na walinzi, na waliokuwa wahudumu, waendesha mashua na wachuuzi wa vinyago wanakuwa na mchana mrefu usio na kitu ndani yake. Kuwaita wavivu ni dhuluma. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu huona kwamba futuhi za vijana wasio na kazi ni anasa ya nchi tajiri na hazituhusu. Sikubaliani nao, na hoja yangu ni filamu iliyotangulia hizo zote, iliyotoka Italia.

"I Vitelloni" ya Federico Fellini ilipata Simba wa Fedha kwenye tamasha la Venice mwaka 1953. Fellini alizaliwa Rimini, mji wa pwani wenye wageni wa kiangazi, na ingawa hakuipiga huko, mji wa filamu hiyo ni wa namna ya Rimini: wakati wa joto kuna muziki na mashindano ya urembo, kisha mvua inapiga, wageni wanaondoka, viti vya ufukweni vinakunjwa, na wenyeji wanabaki kutazamana. Kwa mji kama Malindi, ambao umeishi na Waitaliano tangu miaka ya 1960 kilipojengwa kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, na ambao vijana wake wengi wamejifunza Kiitaliano mitaani bila ya darasa, inashangaza kwamba filamu hii haizungumzwi. Inatuhusu kuliko nyingi zinazoonyeshwa.

Inaanza usiku wa mwisho wa msimu. Sandra anachaguliwa kuwa malkia wa urembo, dhoruba inaingia, anazimia, na inajulikana kwamba ana mimba ya Fausto, mtongozaji wa kundi. Fausto anataka kukimbia mji. Baba yake, mtu maskini na mwenye heshima zake, anamzuia na kumlazimisha aoe. Wengine ni Moraldo, ndugu wa Sandra na mdogo wa wote; Leopoldo, anayeandika tamthilia isiyokwisha; Riccardo, mwenye sauti ya kuimba; na Alberto, anayeishi kwa mama yake na kwa mshahara wa dada yake Olga. Hawana kazi, na mji hauna kazi nyingi za kuwapa, lakini pia hawazitafuti kwa bidii, na Fellini anakataa kutukatia shauri ni lipi lililotangulia. Hapo ndipo filamu hii inapofika mahali ambapo zile za Marekani hazikufika. Kukaa kwa hiari na kukaa kwa kukosa si vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Mtu huanza kwa kukosa, akazoea, na siku kazi inapopatikana anakuta mazoea yameshamkaa.

Tazama alivyomchora Alberto. Usiku wa karnivali amevaa nguo za kike na kulewa, na muziki umekwisha, naye bado anazunguka ukumbini akiwa amekumbatia kichwa kikubwa cha karatasi, kisha anakiburura barabarani alfajiri huku akimwambia Moraldo kwamba wao wote si kitu. Anafika nyumbani akiwa na gauni lake na rangi usoni, anamkuta Olga na sanduku, dada huyo akiondoka na mwanamume mwenye mke. Mama analia. Alberto anajaribu kuwa mwanamume wa nyumba, anamwahidi mama kwamba yeye hatamwacha, kwamba atatafuta kazi. Mama anamuuliza kama ameshaipata. Anajibu kwamba bado, na usingizi unamchukua hapohapo. Kichekesho na huzuni havikupangwa kimoja baada ya kingine. Ni tendo lilelile. Na hapa aliyeondoka ni dada, ambaye kuondoka kwake kunamwonyesha Alberto nani alikuwa akilipia ukaaji wake. Kuna pia lile tukio ambapo Alberto, akipita garini na wenziwe, anasimama na kuwadhihaki mafundi wa barabara kwa ishara ya mkono na kwa sauti ya mdomo, na gari linazima mita chache mbele. Ukumbi mzima hucheka. Mafundi wanawakimbiza wakiwa na haki yao yote, na filamu iko upande wao.

Kuhusu mapenzi yaliyopotea, Fellini ameyachelewesha mpaka karibu na mwisho, pale Sandra, aliyechoshwa na uhuni wa mumewe, anapomchukua mtoto na kutoweka. Fausto anahangaika mji mzima na ufukweni akimtafuta, na kwa mara ya kwanza mtu wa kundi hili anatembea kwa haraka. Anampata, kwa mzee wake, na baba huyo anavua mkanda na kumcharaza mtoto wake aliyekwisha kuoa. Wanapatana. Lakini anayebadilika ni Moraldo, aliyeyaona yote na kunyamaza, na ambaye alikuwa akimfichia Fausto madhambi yake hata yalipomwumiza dada yake mwenyewe. Anapanda treni asubuhi bila ya kumuaga mtu. Mvulana anayefanya kazi kituoni anamuuliza aendako, na hana jibu. Treni inapoondoka, kamera inapita juu ya vitanda vya marafiki waliolala kana kwamba reli imepita vyumbani mwao.

Nimekaa sana kwenye filamu hii kwa sababu inajibu swali ambalo nyingine huliacha, nalo ni gharama ya baraza inalipwa na nani. Mara nyingi ni mwanamke. Olga anafanya kazi, mama anapika, Sandra anasubiri. Veronica analeta chakula dukani. Katika "Swingers" Michelle hatumwoni kabisa, tunasikia sauti yake tu kwenye simu, na huo ni uamuzi unaofaa kwa filamu inayotaka kukaa ndani ya kichwa cha Mike, lakini ukitazama nyingi kwa mfululizo unaanza kuona kwamba aina hii nzima ina mazoea ya kumfanya mwanamke kuwa ama aliyeondoka ama atakayekuja. Sababu zake za kuondoka zinasimuliwa na aliyeachwa, mbele ya watu wanaompenda, na hakuna wa kumsahihisha. "Dil Chahta Hai" ya Farhan Akhtar, iliyotoka India mwaka 2001, ina nguvu zake kwa kuwa marafiki wanavunjana hasa kwa sababu mmoja alimsema vibaya mwanamke ambaye mwenziwe alimpenda kwa heshima. Kofi moja linatosha kuwaonyesha kwamba mzaha wao ulikuwa na mtu wa kuumia.

Ikiwa vijana wa Lamu wenye simu za kupigia picha watajaribu filamu ya namna hii, na natamani sana wajaribu, gharama si kizuizi, kama duka la Leonardo lilivyoonyesha. Wanachohitaji ni sehemu moja wanayoijua vizuri na vizuizi wanavyovikubali na kuviandikia maana. Lakini kuna mambo mawili ambayo hawataweza kuyaiga. Kwanza, aliyeondoka Lamu hayuko mbali. Michelle yuko New York na kimya chake kinawezekana. Msichana wa mtaa wa Langoni aliyevunja uchumba na kijana wa mtaa wa Mkomani atapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kesho kutwa akiwa na dada zake, na baraza zima litajua kabla hajafika, na litanyamaza kwa pamoja au litaanza kuzungumzia samaki kwa sauti ya juu. Kupotelewa na mtu unayemwona kila siku ni hadithi nyingine kabisa, yenye kichekesho chake na uchungu wake, na sijui filamu yoyote iliyoishughulikia. Pili, wanawake wa Lamu nao wana vikao vyao, ndani, uwanjani mwa nyumba, kwenye maandalizi ya harusi, na huko habari ya uchumba uliovunjika husimuliwa kwa namna isiyofanana na ya nje hata kidogo. Ukuta wa nyumba ya mawe uko katikati ya masimulizi mawili, na watoto wanaotumwa kahawa na halwa wanapita kati yake wakiwa na masikio. Mswada utakaosikiliza pande zote mbili hautakuwa na haja ya kumfuata Fellini wala Linklater.

Na kwa kuwa harusi ya mji huu haifichiki, ngoma yake ikisikika mitaa yote, mwandishi atalazimika kuamua mapema, kabla hajaandika mzaha wa kwanza, marafiki hao watamketisha wapi mwenzao usiku ambao yule msichana anaolewa, na watazungumza nini mpaka asubuhi.